Karatasi Chini ya Kiti cha Kestrel

Mume wangu, Hosea Tolliver, alifunga viti vya nyuma vya magari kwa miaka thelathini na moja katika kiwanda cha Dunmore hapa Flint, na miaka yote hiyo gari alilolitaka lilikuwa moja tu: Kestrel ya silinda nane, ya mwaka 1970, rangi ya bluu, yenye mistari miwili myeupe kutoka boneti hadi buti. Hayo ndiyo yaliyokuwa magari ya vijana wetu wa wakati ule, injini kubwa na akili ndogo. Mtu akikanyaga mafuta kwenye taa za barabarani, majirani walitoka nje kutazama nani kafa.

Hakulinunua. Mwaka wa kwanza hakuwa na uwezo, mwaka wa pili akanioa mimi. Halafu akaja Yolanda, halafu paa likavuja, halafu kiwanda kikapunguza watu, halafu Yolanda akaingia chuo, halafu mama yake Hosea akaja kutoka Arkansas kukaa kwetu na maradhi yake. Kila mara Hosea alisema, "Mwakani, mama." Ananiita mama tangu Yolanda azaliwe. Mimi namwita Tolliver, kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha kwangu siku ya kwanza, kama mtu anayeomba kazi.

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Niliendesha basi la shule miaka ishirini na sita. Ukikaa na watoto sitini mgongoni, unawatazama kwa kioo kidogo tu, unajifunza kwamba aliyetulia kuliko wote ndiye mwenye kiberiti. Muuzaji akinichekea, nashika mkoba. Mchungaji akinisifia kofia, namuuliza mchango ni wa nini. Hosea husema kwamba hata siku ya harusi nilimtazama mchungaji aliyetufungisha mpaka akasahau maneno. Hapo anaongeza chumvi, lakini si nyingi.

Sasa, mwezi wa Februari mwaka jana, daktari alimwambia Hosea kwamba macho yake yanakwenda. Si mtoto wa jicho, ule wa kukatwa ukaisha. Huu ni ugonjwa wa nyuma ya jicho, unaokula katikati ya unachokitazama na kukuachia pembeni. Nilikuwepo chumbani, nilisikia kwa masikio yangu. Daktari alisema huenda ikifika mwisho wa mwaka Hosea asiweze tena kuendesha gari. Tulirudi nyumbani. Alipofika jikoni akavua kofia, akasema, "Basi ni mwaka huu, mama." Sikumuuliza nini. Kama asingeipata Kestrel kabla ya theluji, asingeiendesha maisha yake yote.

Tukaanza kutafuta, na hapo ndipo nilipojua kwamba dunia ina waongo wengi kuliko nilivyodhani, nami nilikuwa nimedhani wengi. Kestrel nyingi zilitoka kiwandani na silinda sita, gari za walimu na wauguzi. Za silinda nane zilikuwa chache, na leo bei yake ni ya nyumba. Kwa hiyo mafundi wa ujanja huchukua ya sita, wakaitia injini ya nane, wakaichora mistari, wakaibandika nembo, wakasubiri mzee mwenye hamu. Hosea alitembea na sumaku iliyofungwa kwenye soksi ili isikwaruze rangi. Mahali palipo na chuma inashika, mahali palipozibwa kwa puti inaanguka. Kule Saginaw ilianguka mara tano kwenye mlango mmoja. Mwenye gari akasema, "Sumaku yako imechoka, mzee." Nikamwambia, "Aliyechoka ni mimi, kijana, na nikianza kusema hapa mtaa mzima utatoka."

Mshauri wetu alikuwa Dutch Beekman, fundi mstaafu, Mzungu mrefu mwenye kinywa cha dharau. Kila Jumapili ya kiangazi wenye magari ya zamani hukusanyika kwenye uwanja wa maonyesho, na Dutch ndiye anayepita na daftari lake akisema hili la kweli, hili la uongo. Neno lake likishatoka halina rufaa. Niliwahi kumwona mtu mzima analia nyuma ya gari lake kwa ajili ya neno la Dutch.

Mwezi wa Mei Dutch alipiga simu. Alikuwa ameona kadi kwenye ubao wa duka la chakula cha mifugo, maili sitini kutoka kwetu: *Gari la Dunmore, bluu, la marehemu mume wangu. Piga mchana.* Bei iliyoandikwa ilikuwa kama kicheko.

"Rahisi hiyo itatugharimu," nikasema.

"Mama, hujaiona bado."

"Sihitaji kuiona. Mtu ana almasi, anaibandika kwenye ubao wa chakula cha kuku?"

"Labda hajui ni almasi."

"Au anajua ni chupa."

Tulikwenda Jumamosi kwa gari la Dutch. Tangu Pasaka Hosea alikuwa akiniachia mimi usukani kila tulipotoka. Alisema anayatunza macho yake kwa ajili ya Kestrel, nami nikaona ni akili. Siku hiyo aliendesha Dutch. Na sitaficha, tulimchukua Dutch kwa ajili ya ujuzi wake na kwa ajili ya rangi yake pia. Kule mashambani, Weusi wawili wakionekana wanachungulia banda la mtu, maelezo huja baada ya simu kupigwa. Kweli, tulikuwa hatujashuka vizuri, pikapu moja ikapita barabarani polepole. Baada ya dakika tano ikapita tena.

Mwenye gari alikuwa Bibi Wilma Haverkamp, mjane wa miaka sabini na kitu, mwembamba, amevaa mabuti ya shambani na hereni za lulu. Alitukaribisha kwa maji ya limau yenye barafu. Hosea akanywa, Dutch akanywa. Mimi nilishika glasi. Mtu anayeuza kitu halafu ananiburudisha kwanza, namtazama mikono.

"Hunywi, dada?" akaniuliza.

"Nasubiri ipoe."

"Ina barafu."

"Nasubiri ipoe zaidi."

Alinitazama kidogo, nami nikaona ananipima. Kisha akatupeleka bandani, akashika pembe moja ya turubai, Dutch akashika nyingine, wakaivuta.

Nitasema ukweli. Moyo wangu uliruka. Ilikuwa bluu ile ile, mistari ile ile, vumbi kidogo kwenye vioo na kiota cha ndege kimeanguka juu ya boneti. Hosea alisogea karibu nayo. Aliweka viganja vyote viwili juu ya bodi, akaanza kutembea navyo polepole kutoka taa za mbele hadi nyuma, akipapasa kila ukingo kama mtu anayemtafuta mtoto homa. Nikajiambia, hayo ndiyo mazoea ya mtu wa kiwandani, mikono yake inajua zaidi.

Sumaku ilishika kila mahali. Dutch akalala chini na tochi, akasoma namba ya injini, akaja kusoma ya chesisi, akaandika daftarini. Zilikuwa moja.

"Namba husagwa na kupigwa upya," nikasema.

"Shemeji, wewe ungekuwa polisi," Dutch akasema, lakini hakukataa. "Kweli husagwa. Tazameni hiki kibati cha mlangoni. Kinasema silinda nane, bluu, na namba yake kwenye foleni ya kiwandani, 4418. Lakini hata vibati siku hizi vinatengenezwa gereji. Mimi nitaamini karatasi."

Karatasi hiyo nilikuwa naijua kwa maneno ya Hosea. Kila gari lilipopita kiwandani lilikuwa na karatasi yake ya maagizo: litiwe injini gani, rangi gani, viti gani. Likifika mwisho, karatasi haina kazi tena, na watu wa viti, badala ya kutembea hadi kwenye pipa la taka, waliisokomeza kwenye springi za kiti cha nyuma. Leo wakusanyaji wanaiita cheti cha kuzaliwa. Wanaitia kwenye fremu, wanaipigania mahakamani. Hosea hucheka mpaka anakohoa: takataka yetu, husema, imekuwa msahafu.

Aliingia nyuma, akakandamiza kiti kwa goti, akakiinua kwa pembe moja. Kilitoka kwa sekunde nne, na sijui ni miaka mingapi alikuwa hajafanya hivyo. Akapitisha vidole kwenye springi, akavuta karatasi ya kahawia ambayo panya walikuwa wamekula kona, akampa Dutch bila kuitazama.

Dutch aliisoma. Kisha akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Kestrel," akasema. "Silinda sita. Kijani."

"Sema tena," nikasema.

"Gari hii ilizaliwa sita, shemeji. Kijani. Wameivika. Kazi nzuri sana, sijawahi kuona nzuri hivi, lakini ni nguo."

Nilihisi ushindi, Mungu anisamehe. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimesubiri kuwa sahihi. Bibi Haverkamp alikuwa anaingia wakati huo na sahani ya pai ya cheri, nami nikamgeukia.

"Nilijua! Nilijua tangu maji yako ya limau. Kumbe gari ni ya bandia. Marehemu mumeo, Bibi, ama aliibiwa ama alikuwa mwizi mwenyewe."

Alisimama na sahani yake.

"Orville aliinunua mpya," akasema. "Ilikuwa wiki ya kwanza aliporudi kutoka Vietnam. Nilikuwa nimesimama ubavuni pake. Nilishika funguo kabla yake."

"Karatasi haisemi hivyo."

"Basi karatasi inasema uongo. Miaka arobaini na tisa mume wangu hakumruhusu mtu hata kuegemea gari hii, leo wewe unaingia bandani kwake unamwita mwizi. Tokeni. Gari haiuzwi. Sitawauzia ninyi."

Akaondoka na pai yake. Tulisikia mlango wa nyumba ukifungwa, halafu komeo.

Dutch alianza kukusanya vifaa vyake. Mimi nilimwambia Hosea twende, tutapata nyingine, mwaka bado mrefu. Hakusogea. Alikuwa amekaa sakafuni mwa gari, pale kiti kilipokuwa, magoti yamekunjwa mpaka kidevuni.

"Dutch," akasema. "Hiyo karatasi ina namba ya foleni juu kulia. Nisomee."

"Ya nini sasa?"

"Nisomee, bwana."

"4417."

"Na kibati?"

"4418. Si nimeshasema? Ni gari mbili tofauti."

Hosea akaanza kucheka, kicheko cha chini ambacho hakikunifurahisha. Halafu kikakatika.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe nini?"

"Kiangazi kile, msimamizi wetu, Buckley, aliniita jina ambalo sitalisema mbele ya mama. Niliacha mashine yangu nikamfuata. Watu wakatutenganisha. Niliporudi kwenye foleni, gari moja ilikuwa imepita bila karatasi. Nikawa nyuma kwa gari moja. Karatasi ya gari iliyopita nikaitia kwenye inayofuata, na ya hiyo kwenye inayofuata, hivyo hivyo mpaka kengele."

"Kwa nini hukurekebisha?" Dutch akauliza.

"Nifungue viti mia tatu kwa ajili ya takataka? Nani alijua mtakuja kuziabudu? Na nikuambie zaidi. Tukaona ni mchezo mzuri. Kila Buckley alipotuudhi, mtu wa viti aliruka gari moja. Na Buckley alituudhi sana."

"Magari mangapi?"

"Siku ile peke yake, mia tatu na kitu. Kiangazi chote, sijui. Kiwanda kizima kilijua isipokuwa Buckley."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshika mkoba. Nikamwuliza mume wangu, mume wangu wa miaka arobaini na nane, nitajuaje kwamba hasemi hivyo kwa sababu anaitaka gari.

Aligeuza uso upande wangu. "Nilikwambia mwaka 1971, jikoni kwa mama yako. Ulisema najipamba."

Nikakumbuka. Alikuwa amesema, tukiwa tunamenya viazi, na mimi nilikuwa nimesema, nenda huko na hadithi zako.

Dutch alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Tazameni," akasema polepole. "Karatasi za bandia zinauzwa kwenye mtandao. Unaagiza inayolingana na gari yako mpaka nukta. Mtu angehangaika kusaga namba, kutengeneza kibati, kuchora mistari, halafu aache karatasi ya gari ya kijani chini ya kiti? Mwizi angeweka karatasi sahihi." Akaikunja karatasi. Kisha akasema, "Nimewahukumu watu miaka thelathini kwa hizi karatasi. Yule bwana wa Bay City alilia."

"Nakumbuka," nikasema.

"Namba yake ilipishana kwa moja pia. Niliona. Nikadhani ndiyo dalili ya ujinga wa mwizi."

Hakuna aliyemfariji. Hosea alitoka garini akishika mlango, akanishika bega.

"Mama, mimi nitamweleza ya karatasi. Lakini ya mumewe ni yako."

Mimi kuomba radhi ni kama paka kuogeshwa. Lakini nilimtazama Hosea, nikahesabu miezi iliyobaki hadi theluji, nikapanda ngazi za kibaraza na kugonga. Alifungua mlango lakini mnyororo akauacha.

"Nilikosa adabu," nikasema. "Nilimsema marehemu vibaya na sikuwa na haki. Karatasi si kosa lake."

"Alikufa Novemba."

"Pole sana."

"Wewe humwamini mtu yeyote, sivyo?"

"Namwamini huyu," nikasema, nikamwonyesha Hosea. "Wengine wote nawatazama mikono."

"Mimi pia niliwatazama yenu," akasema. "Jirani amepita mara mbili kwa sababu nilimwomba." Nusura nicheke, na nadhani naye nusura acheke. Akatoa mnyororo.

Hosea alimsimulia yote, akiwa amesimama na kofia mkononi: Buckley, foleni, karatasi. Bibi Haverkamp alisikiliza bila kupepesa. Mwishoni akasema, "Kwa hiyo kabla ya Orville, wewe ndiye uliyekuwa ndani ya gari ile."

"Ndiyo, Bibi. Kwa sekunde arobaini hivi."

"Wamekuja wanaume sita kabla yenu. Wote walitaka kuipeleka ghalani na kuifungia, wasubiri bei ipande. Niliandika bei ndogo nione nani atauliza kuhusu gari na nani atauliza kuhusu bei. Orville alikuwa anaiendesha kila Jumamosi, hata siku ya mwisho wake. Nataka iendeshwe."

"Haitafungiwa," Hosea akasema. "Nakuapia kwa Mungu wangu."

Tulikula pai. Nilikunywa maji ya limau, yalikuwa matamu mno. Kadi ya gari iliwekwa mezani, na Hosea akamwambia mjane, kwa upole wake ule, "Bibi, hebu niwekee kidole mahali pa kutia saini." Akamwekea. Niliona amemheshimu mwenye nyumba. Mjane alimtazama Hosea, akanitazama mimi, akafungua mdomo, akaufunga. Nilimshuku tena kidogo, nikadhani anataka kubadili nia.

Injini iliwaka mara ya tatu. Mabati ya banda yalitetemeka, kuku wakakimbia, na Hosea akakaa nyuma ya usukani na uso ambao sijauona tangu Yolanda azaliwe. Dutch akatangulia na gari lake. Sisi tukafuata kwenye barabara ya changarawe, iliyonyooka kama uzi, mahindi machanga pande zote mbili. Alikwenda polepole. Nikasema moyoni, anaonja.

Tukafika kwenye alama ya kusimama. Akasimama. Akakaa.

"Kuna gari?" akaniuliza.

"Kuna gari wapi? Si unaona barabara tupu?"

"Sawa." Akavuka.

Baada ya nusu maili alianza kwenda pembeni, polepole, mpaka magurudumu ya upande wangu yakashika majani na kisanduku cha barua cha mtu kikaja kwenye kioo changu. Nikapiga kelele. Akakata usukani, akakanyaga breki, Kestrel ikazimika katikati ya njia. Mbele yetu lori jekundu la maziwa lilikuwa linakuja, bado mbali.

"Tolliver," nikasema. "Lori lile ni la rangi gani?"

Akatega sikio upande wa barabara.

"Tolliver. Unaliona lori?"

"Nalisikia."

Lori lilitupita, dereva akitupigia honi. Mikono ya Hosea ilikuwa bado juu ya usukani, mmoja penye kumi na mwingine penye mbili za uso wa saa, kama alivyofundishwa.

"Tangu lini?"

"La kushoto limekwisha tangu Machi. La kulia, wewe hapo ulipo, naona masikio yako tu."

"Daktari alisema mwisho wa mwaka!"

"Nilirudi kwake. Nilikwambia nakwenda kinyozi, nikapanda basi. Kabla ya Pasaka. Leseni nimeirudisha mwenyewe."

Nilichukua pochi yake mfukoni mwa shati, nikaipekua yote. Palikuwa na picha ya Yolanda, kadi ya chama cha wafanyakazi, kadi ya maktaba. Pale leseni ilipokuwa ikikaa miaka hamsini palikuwa patupu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na mimi nilikuwa nimechungulia glasi ya mjane na soli za Dutch na meno ya kila muuzaji wa Michigan, na mwongo nalala naye kitanda kimoja.

Nilimtukana. Nilimtukana mpaka maneno yakaniishia, naye akasikiliza yote. Nikamwuliza kwa nini anunue gari asiloweza kuliendesha wala kuliona.

"Ningekwambia, ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!"

"Basi." Akafungua mlango, akashuka, akaizunguka gari kwa kuipapasa, mkono juu ya mistari ile myeupe, mpaka upande wangu. "Nimeendesha maili mbili, mama. Nilitaka hata moja. Sasa sogea kule. Nimemwapia yule bibi kwamba haitafungiwa, na mtu pekee ninayemjua anayeweza klachi nzito kama hii ni wewe."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na hasira ya kutosha kutembea hadi Flint kwa miguu. Niliruka juu ya gia, nikakaa kwenye kiti alichokipasha joto, nikawasha. Klachi ilikuwa nzito kuliko ya basi. Nikatia gia ya kwanza, ya pili, yeye ameinamisha kichwa upande wa dirisha, anasikiliza injini.

"Tatu," akasema. "Sasa. Usiibembeleze, mama, hujabeba watoto wa shule."

Nikakanyaga. Kestrel ikatusukuma mgongoni wote wawili, mahindi yakawa rangi moja, na Hosea akacheka kwa sauti kubwa, mdomo wazi, akiangalia mbele mahali ambapo kwake hapakuwa na kitu. Nikamgeukia, nikamtazama muda mrefu kuliko inavyomfaa dereva, kwa sababu nilijua hanioni ninavyomtazama.